Kikundi cha kuacha pombe Mombasa: nitakipataje, na ndani kuna nini?

Swali: Assalam aleikum. Nina miaka 43, naishi Kisauni, nafanya kazi ya zamu bandarini. Nakunywa tangu ujana, na siku hizi ni nusu chupa ya kali kila jioni, na mnazi siku za mapumziko. Mwaka jana nilijaribu kuacha peke yangu. Siku ya pili mikono ilitetemeka hata sikuweza kushika kikombe, nikarudi. Daktari ameniambia nitafute kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha. Sijui vikundi hivyo viko wapi wala kunafanyika nini ndani, na nasikia hukutana kanisani. Mimi ni Mwislamu, nina watoto wakubwa, naogopa kuonekana. Nifanyeje?

Jibu: Waalaikum salaam, ndugu yangu. Vikundi vipo, na hakuna atakayekutaka ubadili dini wala utaje jina la baba yako. Nitafika huko. Lakini tuanze na ile mikono, maana husemi kama daktari alikueleza chochote kuhusu kuacha kwenyewe.

Nusu ya chupa ya mililita 750 yenye nguvu ya asilimia 40 ni karibu gramu 120 za pombe halisi. Ni sawa na bia sita za nusu lita kila jioni. Mwili uliozoea kiasi hicho ukinyimwa ghafla hupatwa na arosto. Sisi watu wa Pwani tumeona sana arosto ya unga (heroini), ambayo humtesa mtu vibaya lakini ni nadra kumuua, basi wengi hudhani ya pombe ni nyepesi kwa kuwa pombe inauzwa hadharani. Ni kinyume chake. Arosto ya pombe inaweza kuua.

Huwa inakuja hivi. Saa 6 hadi 12 baada ya glasi ya mwisho huanza kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kichefuchefu, na usingizi kupotea. Kati ya saa 6 na 48 mtu anaweza kuanguka na kukakamaa kama mwenye kifafa, hata kama hajawahi kuanguka maishani mwake. Kati ya siku ya pili na ya nne, wachache huchanganyikiwa, hupata homa, huona wadudu ukutani au watu ambao hawapo. Huku kwetu mtu wa namna hiyo husemwa amepandwa na jini, akafungiwa chumbani asomewe. Kumsomea si kosa, ila asomewe akiwa hospitalini. Na watakaompeleka wamwambie daktari waziwazi kuwa ni mnywaji aliyeacha ghafla. Aibu huwafanya watu waseme ni malaria. Matokeo yake mgonjwa huwekewa dripu ya sukari kabla ya kupewa vitamini B1, ambayo wanywaji wengi wamepungukiwa nayo, na ubongo unaweza kudhurika na kumbukumbu isirudi.

Kwa hiyo usiache ghafla ukiwa peke yako. Rudi kwa daktari yuleyule, mwambie unakunywa kiasi gani kila siku, glasi ya mwisho ulikunywa saa ngapi, na ile mikono ya mwaka jana ilikuwaje. Muulize maneno haya: "Je, naweza kuacha nikiwa nyumbani kwa dawa, au nilazwe?" Mtu ambaye hajawahi kuanguka wala kuona mauzauza, hana ugonjwa mwingine mzito, na ana mtu mzima wa kukaa naye usiku na mchana, mara nyingi huweza kutibiwa nyumbani kwa dawa zinazopunguzwa kidogo kidogo kwa siku tano hadi saba hivi. Aliyewahi kuanguka au kuchanganyikiwa alazwe. Usinunue vidonge vya usingizi dukani ujitibu mwenyewe. Vikichanganyika na kali, pumzi inaweza kusimama.

Nakuongezea la Ramadhani, kwa sababu najua wengi huweka nia ya kuacha siku ya kwanza ya mfungo. Nia ni njema, lakini kwa mtu wa kiasi chako ina hatari: arosto inakuja pamoja na kiu, jasho na kukosa chakula mchana kutwa. Kama nia yako ni Ramadhani, anza matibabu wiki mbili au tatu kabla, ili mwezi ukukute umeshatulia. Halafu jihadhari na Idi. Wapo wanaokaa siku 30 bila tone, kisha Idi mosi wanarudi mahali walipoachia. Mwezi ule una kila kitu cha kumshika mtu: futari pamoja, tarawehi, watu wamejaa nyumbani. Idi ikipita vyote hivyo huondoka, na jioni inabaki tupu. Kikundi kipo kwa ajili ya jioni hizo.

Jambo zuri ni kwamba huhitaji kungoja mwili utulie ndipo uende kwenye kikundi. Unaweza kwenda wiki hii, ungali unakunywa, maadamu unataka kuacha. Ukienda ukiwa umelewa utaombwa tu ukae usikilize. Hutafukuzwa kwa sababu ya harufu.

Vikundi viko wapi

Kinachojulikana zaidi ni AA, yaani Alcoholics Anonymous. Kilianza mwaka 1935 huko Akron, Ohio, Marekani, pale dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, wote walevi walioshindwa kila dawa, walipogundua kwamba kuzungumza wao kwa wao kuliwatuliza kuliko nasaha za watu wasiowahi kulewa. Mpaka leo msingi ni huo. Si kliniki, hakuna mshauri anayelipwa, na hakuna ada. Sharti la kuingia ni moja tu: kutaka kuacha kunywa.

Kupata mkutano, njia fupi ni kupiga 1192, namba ya NACADA (mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na mihadarati), ambayo ni ya bure kote Kenya. Usiseme tu "nataka msaada," maana utapewa ushauri wa jumla. Sema: "Natafuta mkutano wa AA Mombasa. Nataka siku, saa, jengo, chumba, na namba ya mtu wa kunipokea." Wakikosa orodha, waombe wakuunganishe na mshauri aliye Mombasa. Njia ya pili ni vituo vya matibabu: kituo cha NACADA cha Miritini, MEWA, Reachout, na kitengo cha afya ya akili cha Port Reitz. Baadhi ya vituo hivi huhudumia zaidi watu wa unga, lakini washauri wake wanajua vikundi vyote vya mji, na mara nyingi kituo huwa na kikundi chake cha waliomaliza matibabu. Ukifika mapokezi, uliza afisa ustawi wa jamii au mshauri wa uraibu. Usimalizane na askari wa getini. Njia ya tatu ni programu ya simu ya AA iitwayo Meeting Guide, inayoonyesha mikutano iliyo karibu na ulipo. Huku kwetu usiiamini peke yake. Vikundi huhama ukumbi, hubadili siku, vingine huvunjika, na orodha hubaki vilevile.

Hilo ndilo linalowavunja wengi moyo kabla hata hawajaanza. Mtu amekusanya ujasiri wiki nzima, amefika, akakuta kufuli mlangoni. Amegeuka, na njiani kuna baa. Kwa hiyo piga simu siku hiyohiyo mchana, usitegemee uliyoambiwa wiki iliyopita. Uliza mambo matano: mkutano upo leo? Chumba gani na mlango upi? Lugha gani hutumika? Ni mkutano wa wazi au wa ndani? Na nani atakuwa nje dakika kumi kabla? Mkutano wa wazi unaruhusu mke, ndugu, hata mwanafunzi wa uuguzi aje asikilize. Mkutano wa ndani ni wa wenye shida ya pombe peke yao. Wewe unayeogopa kuonekana, anza na wa ndani.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua kati ya mikutano miwili, chagua ule unaoangukia saa unayofungua chupa. Kama ni saa moja jioni, basi mkutano wa saa kumi na mbili na nusu una thamani kuliko wa Jumamosi asubuhi hata kama wa Jumamosi una watu wazuri zaidi. Mkutano wa saa ile unafanya kazi mbili: unakufundisha, na unakuondoa mahali unapokunywa wakati kiu inapokuja. Kwa zamu zako, chora ratiba ya wiki nne, uweke alama kila siku utakayokuwa huru saa hiyo. Utaona wiki nyingine una jioni tano, nyingine huna hata moja. Wiki ambazo huna, ndizo za mikutano ya mtandaoni, nitakayoieleza.

Ukitakiwa kulipa kiingilio au kujaza fomu yenye namba ya kitambulisho, hiyo si AA. Huenda ni kituo cha kulaza wagonjwa kinachotafuta wateja. Vituo vipo vizuri na vipo vya hovyo. Kabla hujatoa shilingi, uliza 1192 kama kituo hicho kimeidhinishwa.

Siku ya kwanza

Fika dakika kumi kabla, usifike mapema sana wala usichelewe. Ukichelewa utaingia watu wote wakikutazama, na ndicho unachokiogopa. Utakuta viti vimepangwa kwa duara au kuzunguka meza, birika la chai, vikombe, na kitabu au viwili. Watu wanaweza kuwa wanne, wanaweza kuwa ishirini. Mmoja atakusogelea akuulize kama ni mara yako ya kwanza. Sema ndiyo. Wageni hupewa kiti karibu na mtu mwenye uzoefu, na si kwa kukulinda bali ili uwe na wa kumuuliza.

Mkutano huchukua saa moja au saa moja na nusu. Mwenyekiti wa siku hiyo, ambaye ni mlevi aliyeacha kama wengine, hufungua kwa ukimya mfupi na dua fupi ya kuomba utulivu wa kuyakubali yasiyobadilika, ujasiri wa kubadili yanayobadilika, na hekima ya kuyatofautisha. Husomwa maelezo ya AA ni nini, na mara nyingi zile hatua 12 ambazo mwanachama hupitia moja moja ili aache pombe. Kisha wageni huulizwa kama wangependa kujitambulisha kwa jina la kwanza. Utasikia mtu anasema, "Naitwa fulani, mimi ni mraibu wa pombe," na wote wanamjibu, "Karibu." Si lazima useme hivyo. Unaweza kusema, "Naitwa Ali, leo nimekuja kusikiliza," hata kama jina lako si Ali. Hakuna atakayekudai zaidi.

Baada ya hapo watu hushea, mmoja mmoja, dakika tatu hadi tano. Wakati mtu anazungumza, hakuna anayemkatiza, anayempa ushauri wala anayemjibu. Mgeni huona jambo hilo la ajabu. Amezoea baraza, ambapo ukisema tatizo watu saba wanakupa dawa saba. Hapa mtu anamaliza kusema kwamba jana alisimama mbele ya mangwe (kilabu cha mnazi) nusu saa akaondoka, wote wanasema "ahsante," na anayefuata anaanza yake. Usidhani hawakumjali. Kanuni hiyo ndiyo inayomfanya mtu aseme ukweli, kwa sababu anajua hatahukumiwa wala hatafundishwa mbele ya watu. Atakaye kumsaidia humfuata baadaye, kwenye chai.

Kikapu hupitishwa. Ni mchango wa hiari wa kodi ya ukumbi na majani ya chai, kwani AA haipokei fedha za wasio wanachama. Mgeni hatarajiwi kutoa, pitisha tu. Mwishoni kuna vikundi vinavyotoa sarafu za ukumbusho: ya saa 24 za mwanzo, siku 30, siku 90, mwaka. Ile ya saa 24 ni kwa anayetaka kujaribu siku moja tu. Ichukue ukiwa tayari, na usipokuwa tayari iache.

Kisha ubaki. Mwenye haya hutoka mara tu dua ya kufunga ikiisha, akajiona ameshahudhuria, wakati sehemu iliyobaki ndiyo aliyokuwa akiihitaji. Dakika kumi na tano za chai baada ya mkutano ndipo namba za simu zinapotolewa, na bila namba hizo umehudhuria hotuba tu. Omba namba tatu za wanaume wenzio. Ndiyo, wanaume: desturi ya vikundi ni mwanaume asaidiwe na mwanaume na mwanamke na mwanamke, na nadhani hilo litakupa raha.

Kanisa, dini, na sitara

Ni kweli, vikundi vingi hukodi vyumba vya makanisa, kwa sababu makanisa yana kumbi zilizo tupu jioni na kodi nafuu. Kikundi ni mpangaji. Padri hana sauti ndani yake na mara nyingi hajui nani anaingia. Hata hivyo sitakuficha: lugha ya AA ilizaliwa kwa Wakristo, na katika baadhi ya vikundi mkutano hufungwa kwa Sala ya Bwana huku watu wameshikana mikono. Wewe simama kimya, soma dua yako moyoni. Kama hutaki kushika mkono wa mwanamke asiye maharimu yako, weka mkono kifuani na utikise kichwa. Watu wataelewa, na ukimwambia mwenyekiti kabla atakupa nafasi nzuri zaidi. Hatua zenyewe zinamtaja Mungu "kama tulivyomfahamu," yaani kila mtu kwa imani yake. Mwislamu anaposoma hatua ya tatu, ya kumkabidhi Mungu mambo yako, hana haja ya kutafuta mbali. Ni tawakali.

Kuna hatua moja ambayo Waislamu huiuliza, na wana haki ya kuuliza: ya tano, ambapo mtu humweleza mwenzake makosa yake. Sisi tumefundishwa kujisitiri. Ninavyoona mimi, hatua hiyo haiji wiki ya kwanza wala mwezi wa kwanza, anayeelezwa ni mtu mmoja uliyemchagua wewe, na wengine huchagua daktari au shekhe wanayemwamini. Muulize shekhe wako ukifika hapo. Usiifanye iwe sababu ya kutokwenda sasa. Wapo Waislamu waliokaa na swali hilo hata wakaunda kikundi chao: Millati Islami, kilichoanzishwa Baltimore, Marekani, mwaka 1989, kinafuata hatua 12 zilizopangwa kwa msingi wa Uislamu. Na kama lugha ya Mungu katika kikundi cha msaada haikukai vizuri kabisa, kuna SMART Recovery, ambayo hufundisha mbinu za kushika fikra na kiu bila kutaja dini, na mikutano yake mingi iko mtandaoni.

Sasa kuonekana. Mombasa ni mji mdogo kwa mambo haya, na siwezi kukuahidi kwamba hutamkuta unayemjua. Lakini fikiri: utakayemkuta mle ndani amekwenda kwa shida ileile, na siri yake iko mikononi mwako kama yako ilivyo mikononi mwake. Hakuna daftari la mahudhurio. Kanuni ya kwanza inayosomwa ni kwamba utakayemwona hapa na utakayoyasikia hapa yanabaki hapa. Kinachotoa siri kwa kawaida ni simu. Kundi la WhatsApp lenye jina la kikundi na picha ya sarafu huonekana na mtoto anayechezea simu yako. Kabla hujaunganishwa kwenye kundi lolote, badilisha jina la kundi upande wako au kataa, uombe upigiwe tu. Kama Kisauni ni karibu mno, nenda kikundi cha kisiwani au ng'ambo ya Likoni, mradi nauli na foleni ya feri isiwe kisingizio baada ya wiki mbili.

Kazini, huna wajibu wa kumweleza mtu kwamba unahudhuria. Ila ujue tofauti: sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inaruhusu mwajiri kumfukuza mara moja mtu aliyelewa kazini kiasi cha kushindwa kazi. Mtu anayekwenda kwa mshauri wa wafanyakazi kabla ya kukamatwa amelewa huwa katika nafasi nyingine kabisa na yule anayekwenda baada ya kukamatwa. Kama mahali pako pana mshauri, fikiria jambo hilo.

Kati ya mkutano na mkutano

Mikutano miwili kwa wiki ni saa tatu. Wiki ina saa 168. Ndiyo maana nasisitiza namba za simu. Kiu kali ya pombe kwa kawaida hupanda, hufika kilele, kisha hushuka, na mara nyingi mambo hayo yote huisha ndani ya nusu saa. Kazi ya simu ni kukuvusha nusu saa hiyo. Piga kabla ya glasi ya kwanza. Ukipiga baada yake utapata huruma, lakini glasi ya pili itakuwa imeshajimimina. Na jizoeze kupiga siku ambazo huna shida, dakika mbili tu, umjulie mtu hali. Mtu ambaye hajawahi kumpigia mwenzake siku ya salama hataweza siku ya msiba. Atatazama ile namba na kuirudisha simu mfukoni.

Baada ya mikutano michache chagua sponsa, yaani mtu aliyeacha muda mrefu, mwaka au zaidi, atakayekupitisha hatua moja moja. Tazama yule ambaye maneno yake na maisha yake vinafanana. Msemaji hodari si lazima awe sponsa mzuri. Muulize waziwazi, "Utakubali kuwa sponsa wangu?" Akisema hana nafasi, si dharau, muulize mwingine. Sponsa hakopeshi fedha, hakupangii ndoa, na hakuambii uache dawa za daktari. Akikuambia uache dawa za msongo au za kifafa kwa sababu "nazo ni ulevi," hapo ametoka nje ya kazi yake. Badilisha.

Katika AA ni desturi mgeni kushauriwa ahudhurie mikutano 90 katika siku 90. Kwa mtu wa zamu aliye Kisauni hilo haliwezekani kwa miguu, lakini ukichanganya na mikutano ya mtandaoni utakaribia. Mikutano hiyo ipo saa zote za siku, kwa Kiingereza zaidi, na unaweza kuzima kamera na kuandika jina lolote. Angalia saa: ukiona mkutano umeandikwa kwa saa za London au New York, geuza kwanza kwa saa za Afrika Mashariki, maana Waingereza na Wamarekani hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka na sisi hatubadilishi. Vaa vipokea sauti. Mkutano wa mtandaoni ni wa kuziba pengo tu, kwa sababu hakuna atakayeona kwenye kioo kwamba macho yako leo si ya jana.

Usihukumu kikundi kwa mkutano mmoja. Nenda mara sita, kwenye vikundi viwili kama vipo. Kuna vilivyojaa wazee wanaorudia hadithi zilezile, kuna ambavyo mtu mmoja ameshika usukani, kuna vya Kiingereza kitupu ambapo mtu wa Kiswahili hukaa kama mgeni msibani. Hizo ni kasoro za kikundi kile, na dawa yake ni kuhama. Kasoro kubwa zaidi ni kikundi ambamo watu hukopana, huuziana bidhaa, au mwanaume mwenye miaka mingi humfuata mwanamke mgeni. Ukiona hayo, toka.

Ukiteleza, rudi mkutano unaofuata, usingoje "ujisafishe" kwanza. Wengi hupotea hapo hasa: amekunywa Ijumaa, ameona haya Jumatatu, miezi sita imepita. Mkutanoni sema tu umekunywa. Hesabu ya siku inaanza upya, lakini uliyojifunza hayafutiki. Na jihadhari na kiasi, kwa sababu mwili uliokaa wiki kadhaa bila pombe hauwezi tena kubeba kile ulichokuwa ukibeba. Vilevile usikimbilie pombe za bei ya kutupa. Methanoli iliyotiwa katika pombe haramu imeua na kupofusha watu Kenya zaidi ya mara moja, na dalili yake ya hatari, macho kuona ukungu, huweza kuchelewa mpaka kesho yake. Hiyo ni ya hospitali usiku huohuo.

Je, vikundi vinafaa kweli? Mwaka 2020 shirika la Cochrane lilichambua tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000. Katika zile zilizopimwa vizuri zaidi, waliopelekwa AA kwa mpango maalumu na kufuatiliwa, takriban 42 kati ya 100 walikuwa hawanywi kabisa baada ya mwaka mmoja, na waliopata tiba nyingine nzuri za ushauri walikuwa kama 35. Si muujiza, na zaidi ya nusu walikuwa bado wanapambana. Angalia pia neno "kufuatiliwa." Mtu aliyeandikiwa jina la kikundi kwenye karatasi hayuko sawa na aliyepelekwa, akaulizwa wiki iliyofuata kama alikwenda. Kwa hiyo mwombe daktari wako akupangie siku ya kurudi baada ya wiki mbili, na umwambie umehudhuria mara ngapi. Vidonge vya kupunguza kiu ya pombe pia vipo, muulize kama vinakufaa. Kutumia dawa na kikundi pamoja si kudanganya.

Nimalizie na nyumbani. Mkeo, kama yupo, tayari anajua. Wenye kudhani wanaficha ni wanywaji. Mwambie unakwenda wapi na saa ngapi, ili asidhani umerudi mangweni, na mumalize kutoa chupa zote ndani kabla ya siku ya kuacha. Mwambie pia asikubali kuuziwa dawa ya poda au ya matone ya "kuachisha pombe" ya kumtilia mtu kwenye chakula bila yeye kujua. Huenda ikawa ni disulfiramu. Aliyeimeza akinywa pombe, uso huwaka, moyo hukimbia, hutapika, shinikizo la damu linaweza kuanguka hata akafa. Dawa hiyo hutumiwa kwa hiari ya mgonjwa mwenyewe na chini ya daktari tu. Naye ana kikundi chake akitaka: Al-Anon, cha jamaa za wanywaji, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1951. Kikikosekana karibu naye, mikutano ya simu ipo, na 1192 huzungumza na jamaa kama inavyozungumza na mnywaji. Watoto wakubwa waambiwe kwa maneno machache, na wewe mwenyewe, siku ambayo hujanywa.